Mdogo wangu anadanganya kwenye gemu, na fedha za ushindi tumeshagawana

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Ninakuandikia baada ya kujaribu kuwaeleza watu wazima wawili ninaowaheshimu, na wote wakanijibu kwamba hiyo ni michezo tu ya simu, nitafute mambo ya maana. Kwangu si jambo dogo, kwa kuwa limeingia kati yangu na mdogo wangu na limegusa fedha za watu.

Nina miaka 24, ninaishi Kitangiri hapa Mwanza, na nimeajiriwa katika duka la vifaa vya simu maeneo ya Makoroboi. Nyumbani tuko watatu: mama, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye nitamwita Masanja ingawa si jina lake. Masanja ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Mama anauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na wateja wake wengi wako mbali, hivyo huagiza mzigo kwa simu na kulipa kwa simu.

Mimi na Masanja tumecheza PUBG Mobile kwa muda mrefu. Kwa asiyeifahamu, wachezaji hadi 100 hushuka kwa miavuli katika eneo moja, huokota silaha, na hupigana mpaka kibaki kikosi kimoja. Kikosi chetu kina watu wanne: sisi wawili, kijana mmoja wa Igoma na mwingine wa Sengerema, nao walinichagua mimi kuwa kiongozi. Miezi michache iliyopita tuliingia katika mashindano ya vikosi vya Kanda ya Ziwa yaliyochezwa mtandaoni, kila mtu akiwa kwao, tukashika nafasi ya kwanza. Zawadi ilikuwa shilingi 600,000, na kila mmoja wetu akatumiwa 150,000. Fungu langu nilimwongezea mama kwenye mtaji. Kikosi cha pili kilitoka Musoma, na kiongozi wake alinitumia ujumbe wa sauti wa kutupongeza, akasema wamejifunza mengi kwetu.

Hivi karibuni nilitoka kazini mapema nikamkuta Masanja sebuleni akicheza peke yake. Hakunisikia nikiingia. Kwenye kioo cha simu niliona mistari myekundu na visanduku vikimzunguka kila adui, hata aliyejificha nyuma ya ukuta, na kando yake tarakimu za umbali kwa mita. Sisi wachezaji tunawajua watu wa namna hiyo, tunawaita mahaka, na hakuna tunaowalaani kama wao. Nilimuuliza palepale na hakukana. Alisema aliipata programu hiyo katika kundi la mtandaoni, huilipia kwa wiki, na alianza kuitumia kabla ya mashindano. Alisema amechoka kuuawa na watu wanaomwona kupitia kuta, kwamba simu yetu ni dhaifu na intaneti inakwama wakati wenzetu wana simu za milioni, na kwamba vikosi vyote vikubwa vinatumia, sisi tu ndio wajinga. Nilipomwambia kwamba ameiba, alilia. Alisema hajachukua kitu cha mtu.

Kinachonichanganya ni kwamba Masanja si kijana mwongo. Muuza duka akimzidishia chenji hurudi njia nzima kuipeleka. Mama humwachia ahesabu fedha za mauzo na haijawahi kupungua hata shilingi mia. Tangu tuliposhinda amebadilika kwa namna ambayo mwanzoni niliifurahia: vijana wa kijiweni wanamwita Kamanda, na mjomba wetu, ambaye kwa miaka alikuwa akimlinganisha na binamu yetu aliyeko chuo kikuu, alimpigia simu kumpongeza.

Mwezi ujao waandaaji wanataka vikosi vinne bora vikutane ana kwa ana hapa mjini kwa mashindano mengine, kila mtu aje na simu yake. Masanja ameahidi kuiondoa programu kabla ya siku hiyo, na amenisihi nisiwaambie wenzetu wawili wala waandaaji. Aliniambia, "Dada, ukisema utakuwa umenizika." Mama hajui lolote, ingawa simu anayochezea ni ya mama, humpokea jioni akitoka sokoni.

Nikinyamaza ninaona nimekuwa mshirika wake, na nikisema ninaona ninamuuza ndugu yangu kwa ajili ya watu nisiowajua. Naomba unisaidie kuelewa kwa nini mtu mwaminifu adanganye katika kitu anachokipenda, na unishauri nifanye nini.

Dada mtu, Kitangiri


MAJIBU

Marahaba, binti yangu.

Sitakuambia kwamba ni michezo tu. Watu wanapokubaliana kushindana kwa masharti fulani wamepeana ahadi, na ahadi haipungui uzito kwa sababu imepita kwenye simu. Ninavyokuelewa, yamekufika mambo matatu kwa mkupuo: ndugu unayempenda amefanya jambo unalolichukia kuliko yote katika mchezo wenu, fedha zilizotokana na jambo hilo ziliingia nyumbani kabla hujajua zimetokana na nini, na sasa umeombwa utunze siri inayowahusu wenzako wawili wa kikosi pamoja na wale vijana wa Musoma. Tutayafikia yote. Hata hivyo kuna habari uliyoitaja mwishoni, kwa kupita, ambayo nataka tuanze nayo kwa kuwa haingoji.

Simu hiyo ni ya mama yako, na ndani yake kuna laini anayopokelea fedha za dagaa. Programu za kudanganyia hazipatikani katika maduka rasmi ya programu. Hupakuliwa kutoka kwenye makundi na tovuti za watu wasiojulikana, na mara nyingi humtaka mwenye simu azime kinga zake na kuzipa ruhusa kubwa, kama vile kuchora juu ya programu nyingine au kusoma yanayoonekana kwenye kioo. Programu yenye ruhusa za namna hiyo inaweza pia kusoma ujumbe mfupi na kunasa namba ya siri inapobonyezwa. Sisemi kwamba mtu aliyemuuzia Masanja ni mwizi wa fedha za simu, lakini anayeishi kwa kuwasaidia watu kudanganya hana sababu ya kuuhurumia mtaji wa mama yenu. Hamishia laini ya mama kwenye kitochi leo hii, badilisha namba yake ya siri ukiwa kwenye hicho kitochi, hifadhi namba za wateja wake, kisha ile simu kubwa irudishwe ilivyotoka kiwandani. Kwa kazi unayoifanya sidhani kwamba hilo litakushinda. Mama anastahili kuambiwa angalau kwamba simu yake ilikuwa hatarini, hata kama habari za mashindano atazisikia baadaye, na kwa kinywa cha Masanja mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza, ambalo kwa maoni yangu ndilo litakalokusaidia kuliko lile la ufanye nini.

Umeuliza kwa nini mwaminifu adanganye. Ndani ya swali hilo umedhani kwamba uaminifu mtu huwa nao au hana, na akiwa nao huenda nao kila mahali. Ninaomba uitazame upya dhana hiyo. Masanja anaporudisha chenji, mbele yake yupo mtu mwenye jina na uso, ambaye jioni angehesabu mauzo na kukuta yamepungua. Kwenye gemu, anayempiga risasi ni jina la bandia la herufi na namba, ambalo baada ya dakika chache hutoweka na hatakutana nalo tena. Aliposema hajachukua kitu cha mtu, sidhani kwamba alikuwa anajitetea kwa ujanja. Nadhani alikuwa anakueleza anachokiona, na hakuona mtu. Yule kiongozi wa Musoma ana sauti, na sauti hiyo unayo wewe kwenye simu yako. Masanja amewahi kuisikia?

Kisha kuna lile neno lake kwamba amechoka kuuawa na mahaka. Wazazi wengi wangelisikia kama kisingizio. Mimi nalichukua kwa uzito. Mwaka 2021 watafiti wawili, Ji Eun Kim na Milena Tsvetkova, walichapisha uchunguzi wa zaidi ya mechi milioni moja za gemu ya aina hii hii mnayoicheza, ya watu hadi 100 wasiojuana. Walitaka kujua ni nani huanza kudanganya baada ya kukutana na wadanganyifu. Walikuta kwamba kumwona tu mtu akidanganya hakutoshi, na kuuawa naye tu hakutoshi. Dalili za kuambukizwa zilijitokeza kwa wale waliopatwa na yote mawili, na zaidi ya mara moja. Ni hali ambayo sisi watu wa ziwani tunaijua. Mvuvi mwenye nyavu halali akimwona jirani yake anavuta kokoro na kurudi na mtumbwi umejaa sangara wachanga, mwanzoni atamlaani, halafu atatoa taarifa, na taarifa isipozaa kitu atabaki ufukweni akijiuliza hao samaki anamtunzia nani. Siku anaponunua kokoro lake hajioni mwizi. Anajiona mtu aliyezinduka. Nadhani mdogo wako alipofungua pochi yake ya simu kulipia ile programu, alijiona hivyo.

Na hakuzinduka peke yake, kwa sababu kulikuwa na kundi. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2012, uliwaangalia wachezaji zaidi ya milioni 12 wa Steam, mtandao unaouza gemu za kompyuta na kuwakutanisha wachezaji, ambao zaidi ya 700,000 kati yao walikuwa wamewekewa alama ya hadharani kwamba walidanganya. Ilionekana kwamba wadanganyifu hawakai pembeni kama watu waliotengwa. Wana marafiki na wamo katikati ya jamii ya wachezaji kama wengine wote. Tena kadiri mchezaji safi alivyokuwa na marafiki wengi wenye alama ile, ndivyo uwezekano wa yeye kuja kudanganya ulivyokuwa mkubwa. Kwa hiyo Masanja anaposema vikosi vyote vinatumia, anasema kweli juu ya watu anaowaona, maana katika kundi alikonunua programu bila shaka kila mtu anatumia. Ila ukizitazama hesabu zile za Steam, waliowekewa alama walikuwa takriban 6 katika kila 100. Hata ukiongeza wengi ambao hawakunaswa, bado kuna watu wengi sana wanaocheza kwa mikono na macho yao, na Masanja aliwahi kuwa mmoja wao.

Malalamiko yake juu ya simu na intaneti nayo yana haki. Mwenye simu dhaifu na mtandao unaokwama hushindana na mwenye simu ya milioni kana kwamba wako sawa, nao hawako sawa. Ila tazama kile programu inachofanya. Seva ya gemu, yaani kompyuta kuu inayoendesha mechi, huitumia simu yako taarifa za mahali adui alipo hata kabla hujamwona, kwa sababu ikingoja mpaka ajitokeze ndipo itume, picha itachelewa. Programu ya kudanganya huzisoma taarifa hizo zilizofichwa na kuzichora kwenye kioo. Haiharakishi intaneti wala haiipi simu nguvu. Kero yake ilikuwa ya kweli, na alichokinunua hakiitibu kero hiyo hata kidogo, jambo ambalo nadhani analijua.

Wapo wanaodanganya kwa sababu nyingine kabisa. Wengine wamechoshwa na mchezo na wanatafuta raha ya kuwaharibia wenzao, na wengine wanatafuta fedha. Nyuma yao wote kuna wafanyabiashara: mwezi Machi 2021 polisi wa China, wakishirikiana na kampuni ya gemu ya Tencent, walivunja mtandao mmoja wa kuuza programu hizi na kukamata mali za takriban dola milioni 46. Wafanyabiashara hao hustawi kadiri wachezaji safi wanavyokata tamaa. Kwa uliyoyaeleza sioni kwamba Masanja yumo katika makundi haya ya watu wenye ubaya au uchu, lakini wewe unamjua, mimi simjui.

Sehemu ya barua yako iliyonigusa zaidi, binti yangu, ni ile ya mjomba. Umeieleza kama jambo lililokuja baada ya ushindi. Mimi ninajiuliza kama si jambo lililoutangulia. Hapo kuna kijana wa miaka 19 anayesubiri matokeo ambayo hawezi tena kuyabadilisha, amelelewa akilinganishwa na binamu yake, dada yake ana kazi na ndiye kiongozi wa kikosi, mama yake anahangaika sokoni naye hachangii shilingi. Gemu ndiyo sehemu moja ambamo angeweza kuhesabika, na humo nako akawa anauawa kila siku na watu wanaoona kupitia kuta. Mtu wa namna hiyo hadanganyi kwa kuwa haujali mchezo. Anaujali kiasi kwamba hawezi kuvumilia kushindwa. Nasikitika kwamba njia aliyoichagua imemnyima kitu kilekile alichokuwa anakitafuta, kwa kuwa vijana wakimwita Kamanda hawezi kujua kama wanamwita yeye. Sikuambii umwambie maneno haya. Muulize tu jina hilo analisikiaje, halafu umwachie muda wa kujibu.

Kuhusu ufanye nini, niruhusu kwanza nikuhoji juu ya sentensi yako moja. Umesema kwamba ukisema utakuwa umemuuza ndugu yako kwa ajili ya watu usiowajua. Wawili kati ya watu hao unawajua vizuri sana. Vijana wa Igoma na Sengerema walikuchagua uwaongoze, walipokea fedha wakiamini wamezitolea jasho, na mwezi ujao watasimama mbele ya watu kwa jina la kikosi ambacho hawajui kilishindaje. Umeniandikia kama dada, na sikulaumu, lakini wewe pia ni kiongozi wao. Sidhani kwamba nafasi moja inaifuta nyingine. Nadhani maumivu yako yanatoka hapo hasa, wala si kwenye fedha. Na juu ya kuwa mshirika: kwa yale yaliyotokea kabla hujajua, hukuwa mshirika wa mtu. Kuanzia siku uliyoona ile mistari myekundu hali ni tofauti kidogo, ingawa mtu anahitaji muda wa kutafakari, na muda huo ni haki yako.

Tuseme unanyamaza, Masanja anaiondoa programu, nanyi mnacheza mwezi ujao mkiwa safi. Hiyo ndiyo njia aliyoiomba na ninaelewa kwa nini inavutia: hakuna anayeumia na pengine mtashinda kwa haki. Hatari yake ya kwanza ni kwamba atalazimika kucheza mbele ya macho ya watu bila kitu alichokizoea, huku kila mmoja akimtarajia Kamanda, na shinikizo hilo ndilo huwafanya watu wavunje ahadi walizozitoa kwa nia njema. Mwezi Oktoba 2018, huko Shanghai, mchezaji wa OpTic India, kikosi cha gemu ya kompyuta, alinaswa na programu ya kudanganya kwenye kompyuta aliyokuwa akichezea, mashindano ya ana kwa ana yakiendelea. Kikosi kizima kiliondolewa mashindanoni na kikavunjwa, mchezaji akafungiwa miaka 5, na wenzake wanne wakapoteza timu pamoja naye. Hatari ya pili ni kwamba siri hii haiko mikononi mwenu peke yenu. PUBG Mobile hufungia akaunti za wadanganyifu, mara nyingi kwa miaka 10, na akaunti ya Masanja ikifungiwa wiki moja kabla ya mashindano, wenzenu watauliza nawe utalazimika kuchagua kati ya kukiri na kuongeza uongo.

Ukienda moja kwa moja kwa waandaaji bila yeye kujua, kikosi cha Musoma kitapata haki yake mapema na wewe utapumua. Lakini Masanja hakukana ulipomuuliza. Alilia. Kijana aliyesema kweli mara moja, akaona ukweli huo umepelekwa mbele bila yeye kushirikishwa, hujifunza kutosema kweli mara ya pili. Uchunguzi ule wa Steam ulionyesha pia kwamba waliowekewa alama walipoteza marafiki kuliko wengine na waliongeza kujificha. Ninahofia kwamba akifukuzwa kila mahali kwa siku moja, watakaobaki kumpokea ni watu wa lile kundi alilonunulia programu.

Kati ya njia hizo mbili kuna nafasi kubwa kuliko unavyoiona sasa. Anaweza kuwaambia wenzenu wawili mwenyewe, wewe ukiwa umekaa kando yake, kisha ninyi wanne mkaamua pamoja cha kuwaambia waandaaji. Mnaweza kujitoa katika mashindano ya mwezi ujao. Mnaweza kutafuta namna ya kurudisha zile 600,000, ambazo najua si fedha ndogo, na kwamba fungu lako limeshageuka dagaa sokoni. Kurudisha kidogo kidogo kwa makubaliano ni jambo linaloweza kuzungumzika. Hizi nazo zina gharama. Kijana wa Sengerema anaweza kukasirika na kusambaza habari kabla hamjafika kwa waandaaji, au akakataa kurudisha fedha aliyoipata bila kosa lake, na sitamshangaa. Mkijitoa bila kueleza sababu, mtakuwa mmekwepa uongo mpya lakini wale wa Musoma watabaki wakiamini kwamba walizidiwa kwa haki, na yule kiongozi wao ataendelea kujifunza kutoka kwenu kitu ambacho hakikuwapo. Huenda nawe utaona hilo ni zito kuliko fedha, huenda usione.

Utakapozungumza naye, usianze na uamuzi uliokwisha kuufikia, wala usiuweke ujumbe wa sauti wa Musoma kama mtego. Chagueni saa ambayo mama hayupo na hakuna anayekimbilia kazini. Mwambie wazi kwamba huwezi kumwahidi kunyamaza milele, kwa sababu ahadi hiyo ukiivunja baadaye itamuumiza zaidi kuliko ukiikataa sasa. Msikilize anavyoeleza siku ya kwanza alipoiwasha, alivyojisikia alipoona kuta zimekuwa kama vioo, na alivyojisikia wiki iliyofuata. Na kama mnaweza, chezeni mechi chache pamoja kwa simu yako, bila programu na bila zawadi, ajione tena alipo. Inawezekana akakuta hajashuka kiwango kama anavyohofia. Inawezekana pia akakuta ameshuka, na hapo atakuhitaji zaidi.

Kuna neno lake moja ambalo sitaki tulipite: kwamba ukisema utakuwa umemzika. Vijana husema hivyo wakiwa na hofu ya aibu, na kwa sehemu kubwa ndivyo ninavyolichukua. Lakini anasubiri matokeo, ana siri, na jina lake jipya limejengwa juu ya kitu anachoogopa kifichuke. Usikisie. Muulize kwa upole kama amewahi kufikiria kujidhuru, na jibu lake likikutia wasiwasi, usibaki nalo peke yako: mshirikishe mama, mtafute mtu mzima ambaye Masanja anamwamini, na mwende naye hospitali akazungumze na mtaalamu. Hapo mashindano na fedha vitangoja.

Mimi sitakuchagulia, kwa sababu mimi sitakaa sebuleni kwenu baada ya uamuzi kufanyika. Ningependa kusikia mlipofikia, hasa namna wenzenu wa Igoma na Sengerema walivyolipokea, kama mtawaambia. Masanja naye akitaka kuniandikia kwa mkono wake, nitaisoma barua yake na kumjibu kama nilivyokujibu wewe.